Sura ya Nne: Mjukuu wa Mrimba

Simulizi za chanzo cha mataifa hupenda vyombo vya baharini. Waroma walijinasibisha na Aeneas aliyekimbia Troya iliyoungua, Wamarekani weupe wanaitaja merikebu ya Mayflower ya mwaka 1620, na Kilwa Kisiwani watu wamesimulia kwa karne nyingi majahazi ya Washirazi. Sababu haijifichi. Jahazi lina siku ya kutia nanga na nahodha mwenye jina, na mtawala akishasema babu yake alishuka humo, hadaiwi maelezo zaidi. Lakini wanaoshuka chomboni ni wachache, mara nyingi ni wanaume watupu, na wakijitenga na wenyeji watakwisha ndani ya umri wa mtu mmoja. Hoja ya sura hii ni kwamba katika pwani ya Kilwa na Lindi dola ilishika mizizi pale alipozaliwa mtoto ambaye wenyeji na wageni, kila upande, walimwita wao. Dola zilizotaka kusimama bila mtoto wa namna hiyo, au zilizokausha uzazi wa waliotawaliwa, hazikudumu hata ziliposhinda vita.

Masimulizi ya Kilwa yako matatu, na hayafanani. La kwanza ni tarehe ya Kiarabu iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambayo nakala yake John Kirk aliipata Zanzibar kutoka kwa Sultani Barghash na sasa iko London. Humo Ali bin al-Hasan anafika kisiwani, anamkuta Mwislamu mmoja na jamaa zake wakiwa na msikiti, kisha anakinunua kisiwa kwa mfalme wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka. La pili limo katika kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552, nalo linaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: huyo Ali alikuwa mtoto wa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake, waliozaliwa na binti wa kifalme wa Kiajemi, walimdharau kwa ajili ya mama yake. La tatu ni la wazee wa Kilwa wenyewe, lililoandikwa kwa Kiswahili baadaye sana, nalo ndilo lenye undani. Mkubwa wa kisiwa aliitwa Mrimba. Mshirazi alimpa zawadi za nguo na shanga, akamposa binti yake, akakubaliwa. Ndoa ilipotulia alimtuma mke amwambie baba yake kwamba si adabu mtu na mkwewe kukaa mji mmoja, kwa hiyo afadhali mzee ahamie bara. Mrimba akakubali, kwa sharti nguo zitandikwe kutoka kisiwani hadi ng'ambo apate kukanyaga juu yake. Zikatandikwa, akavuka, akazichukua. Baadaye alijuta akataka kupigana, lakini maji yalikwisha kumzuia. Ugomvi ulikwisha pale mtoto wa binti yake alipokua, akauliza babu yake yuko wapi, akavuka kwenda kumwona. Hapo Mrimba akamkabidhi mjukuu utawala wake.

Wanaoisoma habari hii kama kisa cha mzee aliyedanganywa kwa vitambaa hawajaufikia mwisho wake. Nguo zilimpa mgeni ruhusa ya kukaa. Utawala haukupita katika nguo. Ulikaa kwa Mrimba miaka yote ambayo mtoto alikuwa akikua, ukatoka mkononi mwake kwa hiari yake kwenda kwa mtoto wa bintiye. Kwa watu wa kusini mwa Tanzania mpango huo hauna ajabu. Wamwera, Wamakonde na Wayao wamehesabu ukoo kuukeni, mtoto akiwa wa upande wa mama na mjomba akiwa na sauti juu yake kuliko baba. Sidai kwamba wenyeji wa Kilwa ya miaka elfu iliyopita walikuwa Wamwera. Nasema tu kwamba msimulizi wa hadithi hii aliishi kati ya watu ambao kwao mtoto wa binti ni mrithi halali, hivyo mzee Mrimba hakupoteza kitu: alimkaribisha mwanamume, akapata mjukuu, na nchi ikabaki katika damu yake. Mshirazi naye alipata mwana wa kumtawaza chini ya jina la baba. Kila upande uliondoka ukiamini umeshinda, na sijui mkataba gani wa kisiasa uliowahi kuwa bora kuliko huo.

Hadithi ni hadithi, mtu atasema, na hii imechelewa kuandikwa. Ni kweli, na kama ingekuwa peke yake nisingeijengea sura nzima. Ila ushahidi wa aina nyingine kabisa umekuja kukaa kando yake. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960 alikuta kijiji cha wavuvi na wafua chuma, nyumba za miti na udongo na vyungu vya kienyeji, kilichokuwapo tangu karne ya 9, zamani kabla ya sarafu za Ali bin al-Hasan na kabla ya mji wa mawe. Ibn Battuta, aliyetia nanga hapo mwaka 1331 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliandika kwamba wengi wa wakazi walikuwa Wazanji weusi wenye chale usoni. Kisha Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80, waliozikwa katika miji sita ya pwani, ikiwamo Kilwa, Songo Mnara na Lindi, na mji mmoja wa bara nchini Kenya. Miongoni mwa waliouongoza ni Chapurukha Kusimba na David Reich. Waliona kwamba kwa wengi wa wafu hao zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa wanawake. Sehemu ya Asia ilikuja hasa kwa wanaume kutoka Uajemi, ikiwa na chembe za India ndani yake, na mchanganyiko ulikwisha kuanza kufikia mwaka 1000 hivi. Damu ya Arabuni iliongezeka baadaye, baada ya 1500. Mwanamume wa Kiajemi, mwanamke wa pwani: kwa mpangilio huu mifupa imewapa haki wazee wa Kilwa, na imewanyima waliosema Washirazi ni uzushi mtupu wa watu wenye kuona haya asili yao, na vilevile waliosema pwani ni kipande cha Uajemi kilichopandikizwa.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza, mifupa hiyo ni ya wakubwa: waliozikwa karibu na misikiti hawakuwa mji mzima. Nakubali, na kwa hoja yangu hilo ni msaada. Swali letu ni dola ilianzishwaje, na wanaolijibu ni wale waliotawala. Kama tabaka lenyewe lililojiita la Kishirazi lilizaliwa na mama wa pwani, basi hata kilele cha mji kilisimama juu ya ukwe. Ya pili ni chungu zaidi. Nani alisema wanawake hao walitaka? Huenda walinunuliwa au walitekwa, na ndoa ya binti wa Mrimba ni pazia la kufunika jambo hilo. Dhidi ya shaka hiyo kuna kitu kimoja kikubwa, lugha. Watoto hao, kizazi baada ya kizazi, walizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu kwa sarufi na kwa sehemu kubwa ya msamiati wake, wakaswali kwa Kiarabu na kufanya biashara kwa lugha yoyote iliyofaa. Mama aliyetengwa na ndugu zake huweza kumwimbia mtoto kwa lugha yake, lakini lugha haiwezi kuwa ya mji mzima na ya baraza la watawala kama nyuma ya mama huyo hakuna bibi, shangazi, mjomba na soko. Kiswahili kilibaki kwa sababu wakwe walibaki.

Wapo pia watakaosema dola ya Kilwa ilijengwa na dhahabu. Jumba la Husuni Kubwa halikusimamishwa kwa mahari. Lililipiwa na ushuru wa dhahabu iliyoshuka kutoka nyanda za Zimbabwe hadi Sofala. Sawa. Utajiri ulifanya Kilwa iwe kubwa. Lakini tazama yaliyowapata waliokuja kuuchukua utajiri huo bila kuoa. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora, akajenga ngome na kumweka sultani aliyemtaka. Wareno walikuwa na mizinga, walikuwa na Sofala, walikuwa na bahari yote ya Hindi mbele yao. Mwaka 1512 waliifunga ngome wakaondoka. Miaka saba tu. Homa na gharama zilichangia, na dhahabu ilikwisha kutafuta njia nyingine, lakini sababu hizo hazielezi mbona Wareno hao hao, kusini zaidi kwenye bonde la Zambezi, walikaa mamia ya miaka. Kule walioa. Mashamba makubwa waliyoyaita prazo yalitolewa na mfalme kwa wanawake na kurithiwa kuukeni kwa vizazi vitatu, na muda si muda wenye mashamba walikuwa watu wa Zambezi wenye majina ya Kireno, wakitawala kwa desturi za machifu. Uzuri au ubaya wa utawala wao ni habari nyingine; wengi wao walikuwa wauza watu. Ninachotaka kionekane ni kwamba taifa lile lile na silaha zile zile zilitoa matokeo mawili, na tofauti ilikuwa nani alizaa na nani.

Karne ya 19 inatuletea jaribio gumu la hoja hii, kwa kuwa Wabusaidi wa Oman na Zanzibar walizaa sana na wanawake wa Kiafrika. Mbona basi dola yao haikushika mizizi kama ile ya kisiwani? Tazama mji wa Kilwa Kivinje, uliochukua nafasi ya Kisiwani kama bandari ya kusini. Katika miaka ya 1860 forodha yake ilikuwa ikiandikisha karibu watumwa 20,000 kwa mwaka, Wayao, Wangindo, Wanyasa na wengine, wakiteremshwa kutoka bara kwa miguu. Wengine walikwenda kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine mbali zaidi. Baadhi ya wasichana waliingia majumbani kama masuria. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ni huru na ana haki sawa na mtoto wa ndoa, na sheria hiyo ilifuatwa: mtawala wao Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 watoto wake wote walio hai walikuwa wa masuria, na kati yao walitoka masultani. Kwa upande wa baba, basi, mtoto alipokewa kikamilifu. Kasoro ilikuwa upande wa pili. Suria hakuwa na Mrimba. Babu yake mtoto alikuwa ameachwa nyuma ya Ziwa Nyasa, au amekufa njiani, na hakuwapo mtu wa kuvukiwa maji akaulizwe habari ya nchi. Ukoo wa namna hiyo unaweza kuwa mkubwa na hodari, lakini hauna wajomba, na bila wajomba hauna watu wa kusema huyu ni wetu siku mambo yanapoharibika. Mambo yaliharibika Januari 1964. Sisemi mapinduzi ya Zanzibar yalisababishwa na masuria. Yalikuwa na ardhi, vyama na uchaguzi ndani yake. Nasema utawala ule uliingia katika siku hiyo ukiwa na watoto wengi na wakwe wachache.

Wajerumani walikuwa na wachache zaidi. Mwaka 1895 walimnyonga mpinzani wao Hassan bin Omari Makunganya hapo Kivinje, na kufikia miaka kumi baadaye walikuwa wakilazimisha watu wa Umatumbi kulima pamba ya serikali. Julai 1905, kijijini Nandete, watu wachache waliingia shambani wakang'oa miche michache. Kitendo kilikuwa kidogo, na kila aliyesikia alielewa kwamba ni tangazo la vita. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ya Maji Maji ikiwa bado changa, na moto ukaenea hadi Ungoni na Mahenge. Jeshi la Gavana Götzen lilipoona risasi hazitoshi lilichoma vijiji, likachukua chakula na kuzuia watu kupanda. Kapteni mmoja, Wangenheim, aliandika waziwazi kwamba njaa pekee ndiyo itakayowaleta chini. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa wafu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya ushuhuda wa wazee, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, yaani kama mtu mmoja kwa kila watatu katika nchi iliyopigana.

Waliokufa ni nusu ya hesabu. Njaa hukata hedhi, mimba hutoka, na mtoto aliyezaliwa hunyonya titi lisilo na kitu. Uchunguzi uliofanywa Ulanga katika miaka ya 1930 uliona kwamba wanawake walioponea njaa ya Maji Maji walipungukiwa na zaidi ya robo ya uzazi wao. Watu walipopungua, mashamba yakawa pori. Pori likaleta ndovu na mbung'o. Mbung'o wakaleta malale. Na katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ikawahamisha Wangindo wa Liwale kwa maelfu, kwa hoja ya malale, na Pori la Akiba la Selous likapanuka juu ya mahame yao. Mtalii wa leo anayesifu nyika isiyoguswa na binadamu anatazama makaburi na mashina ya miembe. Sehemu kubwa ya pori hilo ilipewa jina la Nyerere mwaka 2019. Kumheshimu mwasisi wa taifa kwa nchi iliyokwisha watu ni heshima ya ajabu kidogo.

Sensa zinaonyesha kovu hilo. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3, na mwaka 2022 milioni 61.7: mara tano. Mkoa wa Lindi katika muda huo ulitoka watu laki 4.2 hadi milioni 1.19, hata mara tatu haijafika, na unabaki mkoa wenye watu waliotawanyika kuliko yote nchini. Mtu makini atauliza kama ni haki kuwatupia Wajerumani mzigo wa zaidi ya miaka mia. Si haki kabisa. Wanaume wa kusini walikwenda kukata mkonge na wengine hawakurudi. Magonjwa ya zinaa yalipunguza uzazi pwani. Rufiji ilikata barabara kila masika hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Na kwa miongo ya karibuni kuna sababu ambayo si kovu hata kidogo. Utafiti wa afya wa 2015–16 ulikuta mwanamke wa Lindi na Mtwara akizaa wastani wa watoto 3.8, wakati wa Tabora na Kigoma alizaa 6.7, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa matumizi ya uzazi wa mpango. Nyanya yake alizaa wachache kwa sababu ya njaa. Yeye anazaa wachache kwa sababu ameamua, na anayeweka hesabu mbili hizo kapu moja, akilia kwamba kusini kunakwisha, hajui anachohesabu. Uchache wa watu peke yake haujawahi kuua nchi. Kilwa ya Ibn Battuta ingeenea mara kadhaa ndani ya Temeke ya leo.

Tanganyika ilipokaribia uhuru swali la mjukuu lilirudi, safari hii bungeni. Oktoba 1961 wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika, au Wahindi na Wazungu wangojeshwe kwanza. Julius Nyerere aliwajia juu, akalinganisha kuabudu rangi ya ngozi na siasa za Hitler, akawa tayari kuiacha serikali kuliko kuikubali hoja hiyo. Sheria iliyopita iliweka kipimo kisichotaja rangi: aliyezaliwa Tanganyika, naye mzazi wake mmoja, baba au mama, amezaliwa Tanganyika, alikuwa raia bila kuomba kuanzia tarehe 9 Desemba. Pima kipimo hicho kwa vizazi. Mgeni aliyeshuka bandarini Lindi na duka lake hakupita, mwanawe hakupita kwa haki ya kuzaliwa, mjukuu alipita. Wanasheria walichukua kanuni hiyo kutoka katika mifano ya Jumuiya ya Madola, wala sidhani kama kuna aliyemfikiria Mrimba, lakini waliifikia hesabu ile ile ya vizazi. Sheria haikufika mbali kama yeye katika jambo moja: hadi leo Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mke wa kigeni wa Mtanzania njia nyepesi ya kuomba uraia na kumnyima mume wa kigeni. Mshirazi angeoa binti wa Kilwa mwaka huu angepanga foleni kama mfanyabiashara yeyote.

Na foleni ya leo haitoki baharini. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu na bonde la Usangu ili kuokoa maji ya Ruaha, na wengi, Wasukuma na Wabarabaig, walielekezwa Lindi, Kilwa ikiwa mojawapo ya wilaya zilizowapokea. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 wilaya ya Kilwa ilitoka watu 190,744 hadi karibu laki tatu, ongezeko la zaidi ya nusu wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Kwa uzazi mdogo wa pwani, vyumba vya kujifungulia peke yake haviwezi kueleza hesabu hiyo. Ugomvi uliofuata unajulikana: ng'ombe kwenye ufuta, malambo, mipaka ya vijiji, na safari za polisi. Wenyeji kuanzia Kilangala na Mchinga hadi Matumbi wanasema waliletewa wageni bila kuulizwa, na hawakosei. Serikali ilichora ramani ya ng'ombe ikasahau kwamba waliokuwa wakihamia ni familia. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaweka ugawaji wa ardhi mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu, na mjumbe wa mkutano mkuu ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Watoto wa Kisukuma waliozaliwa Kilwa mwaka 2007 walifikisha umri huo mwaka 2025. Wamesoma shule za msingi za hapa, hawaikumbuki Ihefu kwa kuwa hawajaiona, na mkutano unapopigia kura eneo la malisho mkono wa mmoja wao unahesabiwa sawa na wa mtu ambaye babu yake alizikwa nyuma ya msikiti.